Baba Mkwe Wangu, Mgombea wa Miche ya Avokado

Alishindwa. Nasema mapema, usije ukasoma ukitarajia gari lenye bendera na walinzi. Baba mkwe wangu aligombea kiti cha mwakilishi wa wadi, akaangushwa, na asubuhi iliyofuata matokeo alikuwa shambani akichuma majani chai kama watu wote. Ninachotaka kusimulia ni siku tatu za kampeni ambazo niliamini nimemvunjia heshima yule mzee mbele ya nchi nzima, kwa mdomo wangu mwenyewe.

Nina saluni sokoni Kebirigo. Chumba kimoja, viti vitatu, draya mbili na televisheni ukutani ambayo haizimwi ila umeme ukipotea. Mimi napenda udaku, sifichi. Mwanamuziki akiachana na mkewe, mimi najua kabla mkewe hajajua. Na baada ya miaka mingi ya kufuatilia mambo haya nikiwa na kitana mkononi, nimegundua kwamba masupastaa na wanasiasa ni ukoo mmoja. Huyu anatangaza kuachana na mume, yule anatangaza kuhama chama. Wote wanalia mbele ya kamera. Wote wanasema wamevumilia mengi. Mwezi ukiisha utawaona wameshikana mikono, wanacheka, na sisi tuliogombana kwa ajili yao bado hatusalimiani. Wateja wangu wawili waliacha kusalimiana kwa sababu ya ndoa ya mwigizaji ambaye hakuna hata mmoja wao aliyewahi kumwona kwa macho. Nilikuwa nawapangia siku tofauti za kusuka.

Lakini kwa wachekeshaji nilikuwa na kesi. Kila walipotaka kumwigiza Mkisii, walimleta mtu mwenye lafudhi nzito, mkungu wa ndizi na hasira. Basi. Eti tunazaliwa tumenuna! Siku moja niliigombeza televisheni mpaka mteja wangu, mwalimu wa shule ya msingi, akasema, "Wacha kelele, dada. Wanakuja Kisii mjini mwezi huu kurekodi, na wanatafuta watu wapya. Kama wewe unajua kuchekesha, si uende?" Nikadhani ni utani. Kumbe alikuwa ameshatoa simu na kuandikisha jina langu, huku kichwa chake kikiwa nusu kimesukwa na nusu kimesimama.

Sasa nieleze habari za nyumbani, maana bila hizo hutaelewa kilichonitisha.

Kwetu Gusii, nchi ya Wakisii, kuna heshima tunayoiita chinsoni. Bibi na mjukuu wanaweza kutaniana mpaka majirani waone aibu. Lakini mzee na mke wa mwanawe, hapana. Hamkai karibu, hamtaniani, hamchekani. Yeye haingii nyumbani mwako. Ukimkuta njiani unampisha, mnasalimiana kila mtu akiangalia nyasi. Likitokea neno la utani au la mwili mkiwa pamoja, mmoja anainuka na kutoka, na hakuna anayemuuliza anaenda wapi. Miaka kumi na minne nimeolewa pale, na nikiyajumlisha maneno niliyosema moja kwa moja na Tata, yaani baba, ndivyo ninavyomwita baba mkwe, hayajai ukurasa wa daftari.

Na bado hakuna mtu aliyenisimamia kama yeye. Miaka saba ya kwanza sikupata mtoto. Watu wa ukoo wakaanza kuja na ushauri, kwanza kwa upole, halafu wakiwa wamemchagulia mume wangu msichana wa kule Nyansiongo. Mama mkwe ndiye aliyenieleza baadaye. Tata aliwasikiliza mpaka mwisho, akawaandalia chai, wakanywa, kisha akawaambia, "Nimesikia. Sasa nendeni, na neno hilo msirudi nalo katika boma hili." Hawakurudi nalo. Mimi hakuniambia kitu. Kesho yake alinipisha njiani kama kawaida, tukasalimiana tukiangalia nyasi.

Huyo ndiye mtu aliyeamua kugombea uzeeni. Msabato wa kweli, hasemi uongo hata wa kupunguza bei. Wenzake waliahidi lami, yeye alisema, "Barabara siwezi kuahidi, sijaona pesa." Wenzake waligawa leso na noti, yeye aligawa miche ya avokado aliyoiotesha mwenyewe nyuma ya nyumba. Watu walipokea kwa adabu, wakaenda kupanda, na kura wakazipeleka kwingine.

Siku ya kurekodi nilivaa gauni la kanisani. Nilikuwa nimejiandaa vizuri: dakika tatu za ndoa za masupastaa, kila neno nimelikariri. Nikapanda jukwaani, taa zikanipiga usoni, na yale niliyokariri yote yakatoroka. Woi! Nikabaki nimesimama, ukumbi umejaa, mtu mmoja anakohoa. Mtu akibanwa hivyo, mdomo hukimbilia nyumbani. Nikajisikia nikisema, "Baba mkwe wangu anagombea kiti."

Watu wakacheka kidogo. Nikaendelea.

Nikawaambia kuhusu miche. Nikasema wagombea wengine wanakupa mia mbili ule leo, lakini wetu anakupa mche wa avokado, uanze kula uchaguzi ujao ukikaribia, ukumbuke kwamba ulimnyima kura. Nikamwigiza anavyoomba dua ndefu ya kufungua mkutano mpaka walinzi wa soko wanakaa chini. Kisha nikasema lile ambalo halikupaswa kutoka. Nikasema, "Mzee amezunguka wadi yote, nyumba kwa nyumba, kuomba kura. Nyumba moja tu ndiyo hajafika: yangu! Hawezi kuingia, mila imemkataza. Kwa hiyo mimi ndiye mpiga kura pekee ambaye mgombea akimwona anaruka mtaro." Nikamwigiza akiuruka, amekamata kofia. Ukumbi ukaangua kicheko. Watu wa Kisii walipiga meza, wengine walisimama, maana kila mmoja wao alikuwa na baba mkwe wake.

Nilishuka nimejaa furaha. Furaha ilinifikisha mpaka stendi tu. Hapo ndipo nilipokumbuka kwamba kitu kikirekodiwa huonyeshwa.

Walikionyesha Jumapili alasiri, wiki mbili kabla ya kura. Sikuwa nimemwambia mtu nyumbani, ila mume wangu, naye akasema, "Huenda wakakukata." Hawakunikata. Mwalimu yule alikuwa amempigia mama mkwe kumpongeza, na mama mkwe, kwa furaha yake, akaita watu wote katika sebule yao kubwa. Tata alikuwa kwenye kiti chake. Mimi nilikaa karibu na mlango, nikiomba umeme upotee. Wiki nzima ulikuwa umepotea kila alasiri, lakini siku hiyo uliwaka vizuri kabisa.

Nikajiona nikipanda jukwaani na gauni la kanisani. Kwenye miche, Tata hakusogea. Kwenye dua, hakusogea. Nilipofika kwenye mtaro aliinuka, akachukua kofia yake, akatoka. Mlango akaufunga taratibu. Watu waliokuwa wakicheka wakanyamaza, na kwenye televisheni ukumbi mzima ukaendelea kucheka peke yake.

"Amekasirika?" nikamuuliza mama mkwe.

"Ametoka," akasema. "Ndivyo inavyotakiwa atoke."

Hapo ndipo penye ugumu wetu. Mtu anayetoka kwa heshima na mtu anayetoka kwa hasira wanapitia mlango mmoja, tena kwa mwendo uleule. Utawatofautishaje? Na kumuuliza siwezi.

Jumatatu aliondoka alfajiri kwenda kampeni, akarudi mimi nikiwa kazini. Jumanne vilevile. Nilimwona mara moja kwa mbali, akageukia njia ya majani chai. Alikuwa akifanya hivyo miaka yote kumi na minne, lakini mara hii iliniuma kama kofi. Saluni nayo ilikuwa imejaa pomoni. Wateja hawakuja kusukwa, walikuja kuuliza. "Bado hujarudishwa kwenu?" Mmoja akaniambia bila haya kwamba wazee wataitwa, na kwamba mwanamke anayemcheka baba mkwe mbele ya watu amejifungia virago mwenyewe. Nilimjibu vibaya, sitaki kuandika nilivyomjibu. Lakini moyoni nilikuwa nimekwisha. Si kurudishwa kwetu kulikonitisha. Mtu pekee aliyefunga midomo ya watu kwa ajili yangu, mimi ndiye niliyewafungulia watu midomo wamcheke. Nililia nyuma ya saluni kwenye taulo, nikaingia, nikasuka.

Jumatano mkutano wake ulikuwa pale sokoni. Tulizoea mikutano ya Tata: watu ishirini, nusu yao jamaa, na wengine wakisubiri mvua ipite. Siku hiyo nikasikia watu wanazidi kuongezeka nje. Wenye maduka wakatoka. Vijana wa bodaboda wakasogeza pikipiki. Nilikuwa nimeshika nywele za mwalimu yuleyule, nikamwambia sitoki ng'o. Yeye akafungua dirisha.

Tata alizungumza Kikisii. Hapa naweka Kiswahili, na utamu mwingine umepotea njiani. Aliomba dua, na nitakuwa mkweli, ilikuwa fupi. Watu wakaanza kucheka kabla hajasema amina. Kisha akasema, kwenye spika mbili alizoazima kwa fundi redio:

"Najua mmekuja kumwona yule mzee wa kuruka mtaro. Ndiye huyu. Mtaro ni ule pale, na magoti yangu hayataki tena, kwa hiyo leo sitauruka."

Soko likalipuka. Mimi mkono ukakwama kwenye nywele za mwalimu.

"Jumapili," akasema, "nilitoka nyumbani kwangu mwenyewe, nikaenda kusimama na ng'ombe. Wakasema mzee amekasirika. Wazee wenzangu wanajua kwa nini nilitoka. Nilikuwa nimebanwa na kicheko, na mke wa mwanangu amekaa pale. Ningechekea wapi? Nilicheka na ng'ombe mpaka akaacha kula. Kama hamniamini, njooni mumuulize."

Sikumbuki watu walivyocheka hapo, kwa sababu nilikuwa nimekaa sakafuni. Nakumbuka mwalimu akisema, "Nyamaza, nyamaza, anaendelea."

Sauti ya Tata ilikuwa imebadilika, imekuwa ile ya kanisani. "Kuna mzee mmoja alinijia jana. Sitamtaja, yupo hapa. Ameniuliza ni lini nitamrudisha yule mwanamke kwao." Hata bodaboda walizima injini. "Nami nikamuuliza, kwao ni wapi? Kwao ni kwangu. Yule hakuja kwangu kuolewa tu. Yule nimemzaa, ila nilichelewa kumwona."

Kisha akaanza kueleza namna ya kumwagilia miche, asubuhi na jioni, bila kumwaga maji kwenye majani.

Miaka kumi na minne hakuweza kuniambia hayo tukiwa wawili, na wala hakupaswa. Alihitaji spika mbili na soko zima katikati yetu. Nilikuwa sakafuni, nacheka na kulia kwa pamoja, kamasi zinatoka, na mwalimu kainamisha kichwa kwa sababu nywele zake sikuwa nimeziachia. Akaniambia, "Nenda kamjibu basi!"

Nitamjibuje? Nilisimama dirishani mpaka akaniona. Tata akaangalia nyasi. Nami nikaangalia nyasi.