Vidole Vinne vya Kitambaa

Fundi wa cherehani wa nyumba ya wageni nilimokwama baada ya mpaka kufungwa ameshona sare za shule miaka ishirini. Hupima kwa kiganja kwanza, kisha kwa futi, na huongea kwa upande mmoja wa mdomo kwa sababu upande wa pili umebana pini. Tangu nchi jirani isogeze vifaru, anashona sare za jeshi, na kwa mazoea kila suruali huiachia vidole vinne vya kitambaa ndani ya pindo. Jana ofisa wa ugavi alifumua moja.

“Mama, hii ya nini?”

“Ya kurefukia, baba. Hawa watoto wa juzi tu. Wangu mwenyewe yumo, kila baada ya miezi miwili viatu vinambana.”

“Kata zote. Hatukuagiza sare za mwakani.”

Akachukua mkasi, ofisa kamsimamia. Alipofika kwenye suruali ya mwanawe akatua, akauliza kwa adabu kabisa, “Na wewe, baba, unao wa kiume?”

“Mabinti watupu, mama. Mungu kanisitiri.”

Fundi akaikata.