Mbio za Kualikwa

Honi ya lori, ndefu na nzito. Mpaka leo Lea anaikumbuka kuliko sauti nyingine yoyote ya utotoni. Alikuwa amekwenda Kibaigwa kumsalimia shangazi yake, akajikuta amepangwa mstarini na watoto wa sokoni siku ya sherehe ya mavuno. Madalali wa mahindi hawakuwa na kipenga. Dereva mmoja aliikandamiza honi ya lori lake, na watoto wakatimka. Tumbo la Lea liliruka kama samaki aliyetolewa majini. Alipofika mwisho na kugeuka, nyuma yake hakuona mtu, aliona vumbi tu.

Zawadi ilikuwa mbuzi. Alisafirishwa kwenye buti la basi hadi kwao Bahi, akilia njia nzima, na baba yake Lea, mzee Bartolomayo, mkulima wa mpunga, akamchinja na kuita watu. Wakala, wakamsifu binti, na kila aliyenawa mikono aliaga kwa kusema, "Na kwetu mje."

Kosa lilianzia hapo, na aliyelifanya hakuwa mtu mbaya. Kwa Bartolomayo, mwaliko haukataliwi. Ukiitwa ngomani unakwenda, ukiitwa msibani unakwenda, na ukishindwa unamtuma mtu wa nyumbani mwako akakae mahali pako. Basi kijiji cha jirani kilipofungua zahanati na kuandaa mbio, aliitika, akamtuma Lea. Kanisa la ng'ambo ya mbuga lilipofanya harambee, akamtuma Lea. Diwani alipotaka kuchangamsha vijana, Lea. Wenzake walipeleka kuku. Yeye alipeleka binti.

Miaka ikapita hivyo, Jumapili baada ya Jumapili. Nyumba ikajaa masufuria na ndoo za ushindi. Kisha Lea akaanza kushika nafasi ya pili, baadaye ya nne. Hakuumia. Wala alipokuwa wa kwanza hakufurahi. Alivuka utepe, akanywa maji, akapanda bodaboda, kama mtu aliyetumwa chumvi dukani na kurudi.

Aliyeliona hilo ni Mwalimu Mwanne, mwanamke wa Kondoa aliyefundisha michezo shuleni kwao. Naye aliwahi kukimbia, mpaka goti lilipomkatalia. Jioni moja alifika nyumbani, akakaribishwa ugali wa uwele na mlenda, na alipokwisha kula akasema lililomleta. Mtoto wa umri wa Lea, alieleza, hushindana mara chache kwa msimu, na kila shindano liwe na sababu yake. Siku nyingine akimbie taratibu, masafa marefu, ale, alale, mifupa ikomae. Mazoezi huweka na shindano hutoa. Anayetoa kila Jumapili atakuta ghala tupu.

Bartolomayo alicheka. "Mwalimu, ng'ombe asiyelima hunenepa, halafu huchinjwa."

Wote walicheka, na Lea pia, kwa mdomo tu.

"Mzee wangu, wewe mpunga hukati ukiwa mbichi," Mwanne alisema. "Huyu unamkata kila wiki."

Mwalimu akamweleza kuhusu mbio za majaribio zitakazofanyika Dodoma mjini, ambako vijana wa kwenda kambi ya taifa wangechaguliwa. Lea bado alikuwa na nafasi, kama angefika akiwa amepumzika. Asishindane popote mpaka siku hiyo. Bartolomayo alikubali, wakapeana mikono, na alikubali kwa moyo mweupe.

Lakini alipopeleka mchele soko la Majengo, mjini, alikutana na Matonya, dalali wa Kibaigwa, mwenye mbio zile za honi. Mbele ya wapagazi Matonya akamtania kwamba binti yao amekua, siku hizi hawajui tena watu waliompa mbuzi wake wa kwanza. Watu wakacheka. Bartolomayo alijisikia anasema, "Atakuja." Sherehe ya mavuno ya Kibaigwa ilikuwa Jumapili, na majaribio Jumamosi inayofuata.

Alimwambia Lea huku akitazama mpini wa jembe. Lea akajibu, "Sawa, baba," kama alivyojibu siku zote.

Jumapili hiyo alisimama mstarini pale Kibaigwa, kati ya magunia na malori. Shangazi alikuwa pembeni, kanga mkononi, tayari kuipeperusha. Jua liliwaka na Lea hakulisikia. Dereva akapanda kwenye lori.

Honi ikalia, ileile. Lea akasubiri samaki aruke tumboni. Tumbo likatulia kama maji ya mtungini. Wenzake wakaondoka, na safari hii vumbi likawa mbele yake. Hakuwa amepanga kubaki. Miguu haikwenda, naye hakuibembeleza.

"Mzee wa Bahi, binti yako amesahau njia?" Matonya aliuliza kwa sauti, na wapagazi wakaangua kicheko.

Bartolomayo alikuja mbio akipenya kati ya magunia, kofia mkononi. Alimtazama magoti, alimtazama nyayo, akimtafutia jeraha. Hakuliona.

"Kimbia, mwanangu," alinong'ona. "Wanatutazama. Tumealikwa."

Lea alichuchumaa, akafungua kamba za viatu, kimoja, kisha kingine. Akavikung'uta vumbi, akavifunga pamoja kwa ajili ya Jumamosi. Hakuwa na hasira. Aliinua macho na kusema, kwa sauti ndogo ambayo hata shangazi hakuisikia:

"Aliyealikwa ni wewe, baba."