Picha Saba za Shamba la Hulda

Jéthro alikuwa mtu wa hasira za karibu, lakini tusimlaumu upesi. Miaka ile ya vita, ukipita barabara kuu ya Butembo, nusu ya maandishi na michoro uliyoiona juu ya milango ya maduka ilikuwa ya mkono wake: pharmacie kwenye duka la dawa, quincaillerie kwenye duka la misumari, kichwa cha mwanamke aliyesukwa, ng'ombe anayecheka kwenye mlango wa bucha. Kazi hizo zilimlisha yeye, mke wake na watoto watano, na alizichukia zote, hasa yule ng'ombe. Ng'ombe gani anacheka mlangoni pa bucha? Lakini mwenye bucha alitaka meno yaonekane, basi Jéthro akayachora meno.

Alichokipenda kilikuwa kingine. Alipenda kukaa nje kwenye kiti kifupi, sanduku magotini, achore kilima kama kilivyo asubuhi hiyo, na ukungu wake, na moshi wa majiko, na udongo uliotoka kulimwa. Picha zenyewe zilikuwa ndogo, ukubwa wa daftari la shule, juu ya vipande vya triplex, ule ubao mwembamba, kwa rangi ya mafuta ya kwenye tube. Na tube hizo, usiulize! Mara ya kwanza alimwagiza mfanyabiashara mmoja aliyekuwa anaenda Kampala. Mtu akarudi baada ya mwezi, anatabasamu, na tube kumi na mbili za cirage ya viatu, nyeusi na kahawia. Jéthro alitukana mpaka mke wake akafunga dirisha. Mara ya pili alimpa tube tupu mkononi, aende nayo, aionyeshe dukani kama mtoto anayetumwa chumvi.

Na picha ikimalizika, nani aiangalie? Jirani anaingia, anatupa jicho ukutani, anauliza, “Sasa mutu iko wapi mu hii photo?” Hakuna mutu, ni kilima. “Aa,” anasema, anaketi, anangoja chai. Mchungaji alisema ni nzuri sana huku anasoma barua yake. Hata mke wake, mwanamke mwema asiye na ubaya, alitundika kalenda ya kanisa juu ya picha moja kwa sababu msumari ulikuwa tayari pale. Miaka kumi ya namna hiyo, hata wewe ungekuwa na hasira.

Mahali alipopenda kuliko pote palikuwa Masereka, kule juu kwenye baridi, kwa dada yake mdogo Hulda, mjane wa Vagheni na mama wa watoto wanne. Jéthro alipanda camion, yale malori ya mboga yaliyokuwa yanarudi tupu, akalala kwa Hulda, na asubuhi akavuka kijito akakaa ng'ambo, akitazamana na shamba. Hulda alimletea viazi vya moto, akamwacha na kazi yake. Na kazi ile ilimtesa. Masereka ukungu hauombi ruhusa. Unachanganya kijani cha majani ya viazi, unakipata, unainua kichwa, na kilima hakipo. Unangoja. Jua linatoka, na kijani kimekuwa kingine kabisa. Mwezi wa tatu mvua ilimnyeshea ndani ya sanduku. Mwezi wa saba, wakati wa ukavu, kila jani lilivaa vumbi, na njano ikamwishia katikati ya picha. Mwezi wa kumi na moja mvua tena, na mikono imekufa ganzi. Hakuna msimu, hakuna saison iliyomfaa. Kila safari alishuka Butembo ananung'unika kwamba harudi, na kila safari alirudi. Hivyo ndivyo kati ya mwaka 1999 na 2001 alivyomaliza picha saba za shamba lile lile, na nyuma ya kila moja akaandika mwezi na mwaka.

Ngoja nikuonyeshe shamba lenyewe, maana kesi yote iko hapo. Umekaa ng'ambo ya kijito, unatazama juu. Kulia ni shamba la Hulda. Kushoto ni la jirani yake, Abdias. Katikati, kutoka njia ya juu mpaka kwenye maji, unashuka mstari wa miti ya mpaka, miti myembamba iliyopandwa zamani na baba mkwe wa Hulda na baba yake Abdias, wote marehemu. Na upande wa Hulda, hatua chache kutoka kwenye mstari, kuna jiwe kubwa. Udongo unaozunguka jiwe hilo ni mweusi na mzito, na nusu ya chakula cha nyumba ya Hulda ilitoka pale.

Sasa mstari ule ulimkera Jéthro. Ulisimama katikati kabisa ya picha, ukaikata sawa kwa sawa kama mkate. Akasogeza kiti kushoto, akazama kwenye tope. Akakisogeza kulia, mkaratusi ukamfunikia kilima. Basi siku ya kwanza kabisa akafanya ujanja mdogo wa wachoraji: mstari akauhamisha kwa brashi. Akaupeleka kulia, ng'ambo ya jiwe, na jiwe likabaki upande wa Abdias. Picha ikatulia, naye akafurahi. Na kwa kuwa ya kwanza ilitulia, zote sita zilizofuata alizichora vivyo hivyo. Hakuna aliyeona. Nani angeona, wakati hakuna aliyekuwa anaangalia?

Mwaka 2001 risasi zikafika Masereka. Hulda akakusanya watoto na sufuria, akashuka Butembo kwa kaka yake, wakakaa miezi minane, watu kumi na wawili katika vyumba vitatu. Jéthro hakuchora hata jani moja. Njia ilipotulia Hulda akarudi nyumbani, na miti ya mpaka hakuikuta. Ilikuwa imeng'olewa na mizizi yake, na viazi vya Abdias vilikuwa vimelivuka jiwe, hatua ishirini nzima ndani ya shamba lake.

“Mupaka ilikuwaka pale,” Abdias alisema kwa upole, akaonyesha kulia kwa jiwe, ambako mstari mpya wa miti ulikuwa umekwisha kuanza kuchipua.

Kesi ikaenda mbele ya chef Phinées, mkuu wa kijiji, na wazee, kwenye kyaghanda, baraza lao la kijiji. Hulda alikuwa na mdomo wake, Abdias na wake. Mzee mmoja tu aliyeshuhudia miti ikipandwa alikuwa bado hai, na huyo alikimbia vita kuelekea Kasugho, wala hakuna aliyejua yuko wapi. Kesi ikaahirishwa. Ndipo Hulda akapata wazo lake.

Jumatano moja ya mwezi wa kumi na moja alifika Butembo juu ya camion, amelowa chapachapa, uso unawaka kwa furaha.

“Yaya Jéthro, kaka! Weye njo témoin yangu!”

“Témoin? Shahidi ya nini?”

“Photo zako! Si ulichoraka shamba yangu ku saison zote? Nilisema mbele ya bazee, miye niko na batémoin saba, na tarehe iko kwa mugongo. Chef alikubali. Tunaonana siku ya posho, Jumamosi.”

“Na Abdias alisema nini?”

“Alikubali pia! Eti na yeye anapenda kuziona.”

Abdias alikuwa mtu pekee duniani aliyewahi kusimama nyuma ya kiti chake asubuhi nzima, mikono mgongoni, kimya, akiangalia brashi.

Angesema ukweli hapo hapo. Najua, na wewe unajua. Lakini Hulda alikuwa amesimama mbele ya zile picha ukutani, maji yanamchuruzika kwenye kikwembe alichojifunga, anazigusa mbao moja moja kwa kidole kama mtu anayehesabu watoto wake, na anasema, “Mungu iko, yaya. Kumbe kazi yako ilikuwa na maana.” Miaka kumi alingoja mtu amwambie neno hilo. Basi mjinga yule akasema, “Sawa,” na mara alipolisema akajitukana moyoni kuliko alivyowahi kumtukana mtu wa cirage.

“Lakini moja inatosha,” aliongeza. “Ile ya mwezi wa saba. Njo inaonyesha muzuri.”

Alhamisi asubuhi aliipeleka karakanani kwake. Akaukwangua kwa kisu mstari wa uongo, akachora miti ya kweli mahali pake pa kweli, kushoto kwa jiwe. Hakuwa anadanganya, alijiambia, alikuwa anasahihisha. Kila mti aliuweka uliposimama, hata pengo alilikumbuka. Lakini rangi ya mafuta haina haraka na mtu. Jua likiwaka, siku nne au tano. Kwa baridi na mvua ya mwezi wa kumi na moja, wiki mbili, na Ijumaa saa sita camion inaondoka. Akaipaka nyembamba, akaichanganya na petroli, akaisimamisha karibu na mbabula, jiko lake la makaa, akaipepea kwa kofia mpaka mkono ukafa. Hasira ilimpanda mpaka machozi. Ijumaa asubuhi ngozi ya juu ilikuwa imeshika kidogo. Kwa macho ungesema imekauka, mradi usiiguse. Akaitia ndani ya karatoni, akarudi nyumbani kumchukua Hulda.

Jumamosi kyaghanda ilijaa. Jéthro akatoa picha yake kwenye karatoni, akaiweka mkekani taratibu. Kabla hajafungua mdomo, Hulda akafungua furushi lake la kikwembe, na humo zikatoka zile nyingine sita.

“Batémoin saba ni bazuri kupita moja,” alisema, na akazipanga mstari mmoja, mwenyewe, kwa fahari.

Wazee wakainama. Na hapa ndipo mateso ya Jéthro yalipozidi, kwa sababu waliziangalia! Waliziangalia kama alivyokuwa ameota ziangaliwe maisha yake yote. “Hii ni mwezi wa tatu kabisa, ona vile maua ya viazi imefunguka.” “Na hii ukungu, baba, si ni yetu?” Mzee mmoja alipata paa la nyumba yake kwenye kona, ukubwa wa ukucha, akacheka mpaka akakohoa, akaita wenzake waje waone. Siku nyingine yoyote Jéthro angelia kwa furaha. Siku ile jasho lilikuwa linamtiririka mgongoni.

“Bazee,” Abdias alisema, sauti ya chini, yenye heshima. “Muangalie jiwe, tafazali.”

Wakaliangalia jiwe. Katika picha ya kwanza lilikuwa upande wa Abdias. Katika ya pili, upande wa Abdias. Ya tatu, ya nne, ya tano, ya sita, vile vile. Katika ya saba tu, ile ya kwenye karatoni, jiwe lilikuwa kwa Hulda. Chef Phinées akaiokota, akaisogeza puani, akanusa. Kisha akaweka kidole gumba juu ya mstari wa miti, akakandamiza, akakiinua juu watu wote waone. Kidole kilikuwa kijani.

Kyaghanda ikalipuka kwa kicheko.

“Chef!” Jéthro akasimama, anapiga kelele. “Ile mubichi njo ya kweli! Zile sita za kukauka njo zinadanganya!”

Kicheko kikaongezeka mara mbili. Mtu alijipiga mapaja. Chef hakucheka.

“Nani alizifundisha kudanganya?”

“Ni miye.”

“Juu ya nini, Jéthro? Sababu gani?”

“Juu... mustari ile ilikuwa inakata photo katikati.”

“Donc weye ulihamisha mupaka ya dada yako, mara sita, juu photo ikuwe muzuri. Na jana ukairudisha, juu kesi ikuwe muzuri.” Chef alifuta kidole kwenye jani la mgomba. “Sasa miye niamini Jéthro gani?”

Wazee hawakukawia. Kesi haikatwi kwa picha ya jana, walisema. Mpaka utabaki kwenye miti mipya, ng'ambo ya jiwe, hadi yule mzee wa Kasugho arudi, kama atarudi. Abdias akashukuru kila mtu kwa mkono, mmoja mmoja, ila Jéthro alimpita akitazama chini.

Hulda hakulia wala hakupiga kelele. Alizifunga picha sita kwenye kikwembe, zote, na ile mbichi akamrudishia kaka yake kwa mikono miwili, akiangalia asiiguse rangi. Wakatelemka pamoja mpaka kijitoni, pale Jéthro alipozoea kuweka kiti chake. Ng'ambo, Abdias alikuwa amekwisha kufika penye jiwe, anang'oa magugu.

Jéthro hakuweza kuvumilia. Akaanza kueleza. Akaeleza namna jicho linavyoingia ndani ya picha, na namna mstari uliosimama katikati unavyolizuia jicho lisipite. Akaeleza tope la kushoto na mkaratusi wa kulia. Akaonyesha kwa viganja, akakasirika, akasema wale wazee hawajui kitu, akasema hakukusudia ubaya, akarudia tena habari ya katikati. Hulda alimsikiliza mpaka mwisho, macho kwenye shamba.

“Yaya,” alisema. “Ulikaaka hapa miaka tatu, nakuletea viazi. Shamba yangu ilikuwa mubaya wapi, fasi gani?”