Barua Yangu ya Udaktari Ilisomwa Kanisani

Sipendi kusimulia hii mambo, lakini huku Nchelenge, kando ya ziwa, kila mutu anaisimulia kwa namna yake, na kila mara anaongeza kipande chenye hakikukuwa, basi bora muisikie kwangu mwenyewe, mucheke, tumalize. Nimechoka nayo. Nilimuaibisha mama yangu mbele ya kanisa nzima, na kanisa yetu inasema luga mbili, Swahili na Bemba, ni kusema nilimuaibisha mara mbili.

Ilianza na kisanduku kimoja kwenye fomu. Nilikuwa nimemaliza darasa la kumi na mbili na matokeo mazuri (mwalimu wangu wa biolojia alitoa machozi, sisemi uongo), nikaenda Kashikishi kwa duka ya bwana mumoja mwenye kompyuta, anijazie fomu ya chuo cha udaktari. Tukajaza jina, tukajaza shule, tukajaza matokeo, kisha tukafika kwa swali: wewe ni mutu wa hali ngumu? Kama ni ndiyo, weka alama, na ulete barua ya kueleza, yenye muhuri wa kiongozi mwenye anajua familia yenu.

Nikabaki naangalia ile kisanduku. Kusema kweli, miye ni mutu wa hali gani? Tulivuka ziwa kutoka Congo wakati wa vita, mama na miye na wadogo wangu wawili, tukakaa Kenani, kambi ya wakimbizi, mu hema, ile haina mabishano. Lakini leo mama anauza chisense, zile samaki ndogo za kukausha, anaenda kuzinunua mwenyewe kwa kisiwa cha Chisenga, tuko na nyumba ya matofali na mabati, na mama ni kiongozi wa kwaya ya wamama. Kuko watu wenye hali yao iko chini yetu sana. Nikiweka alama, si ninamunyanganya mumoja wao nafasi? Na nisipoweka, si ninadanganya kwamba nilisoma sawa na watoto wa Lusaka?

Kitu cha kufanya kilikuwa kumuuliza mama. Mama alikuwa Chisenga, simu kule haishiki, angerudi Jumapili, na fomu ilikuwa inafungwa Jumatatu. Ningeweza kungoja. Sikungoja. Nilijua atakataa, na mutu akijua atakataliwa, haulizi.

Nikasema, "Weka alama."

"Sasa barua," ule bwana akasema. "Iwe ya nguvu. Wale wenye kuzisoma kule chuo wako na barua nyingi. Munakula mara ngapi kwa siku?"

"Tatu."

"Na kule Kenani?"

Nikawaza. "Siku zingine mara moja."

"Basi tuandike mara moja." Akaandika, na Kingereza yake ni ya kuteleza kabisa. "Mama anajua kusoma?"

"Kingereza, hapana."

Akaandika kwamba mama hajui kusoma. Niliona. Nikaiacha, juu barua ilikuwa inakuwa nzuri, na miye mwenyewe nilikuwa nimeanza kumuhurumia ule musichana mwenye alikuwa ndani yake.

Jumamosi nikaipeleka kwa pasta wetu apige muhuri. Alikuwa na wageni. Akasema, "Acha hapa, mwanangu. Kesho ibada ikiisha, utaichukua." Nikaacha. (Mutu mwenye akili angeikunja na kurudi nayo nyumbani.)

Jumapili mama akashuka mu mutumbwi asubuhi, hakupita hata nyumbani, akavaa nguo ya kwaya juu ya nguo ya safari, akaja kukaa mbele na wamama wenzake. Wakaimba. Kisha pasta akasimama, akasema, "Tuko na mutoto wetu hapa mwenye anataka kuwa munganga," nami nikanyoosha mugongo, nikafurahi, kusema kweli nilifurahi, mpaka nilipoona anatoa ile karatasi mu koti.

Alikuwa anaitafsiri polepole, kutoka Kingereza mpaka Swahili, na pembeni yake mukalimani anaipeleka mu Bemba. "Kwetu tunakula mara moja kwa siku." Mukalimani akaisema, akaongezea huzuni yake mwenyewe. Watu wakageuka kuangalia mama. Mama alikuwa anaangalia pasta. Pasta akafika kwa ile musitari ingine, akasimama. Akageuza karatasi, labda nyuma kutakuwa maelezo. Hakukuwa. Na mukalimani alikuwa anangoja, basi akasoma. "Mama yangu hajui kusoma."

Jumapili yenye ilipita, mwenye alisoma Maandiko mbele ya wale watu wote alikuwa mama.

Mutu mumoja akacheka kidogo, akaacha. Pasta ni mutu wa huruma, hakutaka kutuacha namna ile, akasema kanisa haiwezi kusikia hii na kunyamaza, na watu wakaanza kuleta vitu. Wenye wanakaa karibu walitoka kabisa wakaenda kuchukua kwao. Muhogo, chumvi, sabuni. Jirani yetu, Mama Kapya, akarudi na kitenge kimekunjwa vizuri, akakiweka kwa magoti ya mama. Kile kitenge, mama ndiye alimupatia siku ya Noeli. Mama akapokea kwa mikono mbili. Kila mutu alimuambia aksanti, kila mutu, na miye hakuniangalia.

Tukatembea mpaka nyumbani, yeye mbele na muhogo kwa kichwa, miye nyuma na sabuni, na wenye hawakukuja kanisani walikuwa wanauliza kama kuko ndoa.

Nyumbani akaanza kutandaza chisense kwa jua. Nikasimama pale. Akasema, "Jana ulikula mara ngapi?"

"Tatu, mama."

"Uliandika ngapi?"

"Moja. Lakini ni ya Kenani. Kule ilikuwa kweli."

Akaacha samaki. "Kule Kenani, wewe na wadogo wako mulikula mara mbili kila siku. Mwenye alikula mara moja ni miye. Ile njaa ni yangu. Hukuniomba."

Hakupandisha sauti. Ningependa angepandisha.

Nikamuambia nitarudi kwa kompyuta, nitoe alama. Akakataa. "Acha alama. Hali ngumu uko nayo. Andika yako."

Basi nikakaa chini nikawaza yangu ni gani, na ilinikamata mpaka jioni. Nikaandika kwamba nilianza shule na Kifaransa, nikavuka ziwa, nikarudishwa madarasa mawili juu ya Kingereza. Kwamba ya mikroskopu nilijifunza kwa picha ya mwalimu kwa ubao, na mpaka ile siku nilikuwa sijagusa hata moja. Kwamba tunakula vizuri, juu mama anafanya kazi. Ilikuwa barua fupi na haikuliza mutu. Nikamusomea, nikitafsiri. Akanirekebisha pahali pamoja, akasema ni siku tatu tulingoja mutumbwi, si mbili.

Asubuhi pasta akapiga muhuri. Nilisimama karibu sana, nikaichukua wino ukiwa bado mubichi, nikakimbia nayo Kashikishi.

Chuo walinikubali. Ya kisanduku hawakusema kitu, sijui kama ilisaidia ao haikusaidia, na nimeacha kujiuliza. Muhogo mama aliupikia kwaya. Mama Kapya alikuja kisha wiki mbili kuuliza kama kitenge bado kiko, juu alikuwa na harusi, na mama akamurudishia.

Niko mwaka wa pili sasa. Nikirudi likizo, wazee wa kanisa wananiuliza kwa sauti ya chini kama ninakula, nami ninajibu ninakula, aksanti, ninakula. Wanapenda kunitania, lakini wako na haki. Na fomu zingali zinakuja, kila muhula fomu, na kila fomu inauliza juu ya wazazi. Siandiki jina la mama kwa karatasi yoyote mbele ya kumupigia simu na kumusomea neno kwa neno, hata kama yuko Chisenga na inabidi ningoje arudi.