Kioo Kisichokuwa na Kosa

Kosa langu la kwanza lilikuwa kukilaumu kioo. Nilikinunua Iringa, kipande kinene cha mviringo, nikakipakata kwenye basi hadi Mbeya bila kukiacha hata pale Igawa abiria wenzangu waliposhuka kula. Mimi ni fundi saa. Kutengeneza darubini nilijifunza kwa kitabu chenye kurasa pungufu.

Nilikisugua kwa mchanga miezi mitatu, nikakipaka fedha ili king'ae, nikakitia kwenye darubini na kuielekeza kwenye sayari ya Mshtarii baada ya Magharibi. Mshtarii ikachemka kama uji. Nikabandua fedha, nikaanza upya. Mara ya pili ikachemka. Mara ya tatu vilevile. Kioo kilikuwa kimebaki chembamba; nilijua mara ya nne huenda kikapasuka, na kingine sikuwa na uwezo wa kukipata. Hata hivyo nilikaa uani nikaloweka mchanga.

Mama mwenye nyumba, mtu wa Tanga aliyeoka mikate ya kuuza jioni, alisimama na sinia lake.

"Fundi, unakisugua au unakila?"

"Kina kasoro, mama. Nyota inachemka."

"Unaitazamia wapi?"

Nikamwonyesha: juu ya paa la jiko lake.

"Hapo si ndipo joto la tanuri langu linapopandia? Hata mlima Loleza ukiutazama hapo unacheza ngoma. Miezi minane umepanga kwangu, hujauona?"

Nilikuwa nimeuona. Nilidhani ni macho yangu, nikanunua miwani.

Nikaumwaga mchanga. Kesho yake nilibeba darubini hadi kiwanja cha mpira. Mshtarii ilitulia, ingawa si kabisa. Ilitikisika kidogo, kama mtu anayezuia kucheka. Usiku ule sikulala, nikitafuta tanuri la nani tena.

Baadaye, katika gazeti la zamani, nilisoma kwamba mtaalamu mmoja Marekani amependekeza kioo cha kubadilishwa umbo upesi, kwa kadiri hewa inavyotikisika, ili kuufuta mtikisiko wake. Gazeti lilisema wakati huo kilikuwa hakijatengenezwa bado. Nilimsomea mama.

"Kwa hiyo hata wao hewa inawasumbua?"

"Inawasumbua."

"Na hawakisugui?"

"Hapana, mama."

Akaniuzia mkate.

Siku hizi saa ikiletwa kwamba inakwenda vibaya, nauliza kwanza huwekwa wapi, ndipo niifungue. Kioo sijakigusa tena.