Niliahidi matoleo mawili ya game kwenye meza moja, jirani akaja na unga wa msiba

Wakuu, kwema?

Naanza na ujinga wangu ili msihangaike kuutafuta huko chini: niliwaahidi watu wawili, kila mmoja inbox kwake, kwamba tutacheza kwa kitabu chake cha kanuni. Vitabu viwili, meza moja. Ndivyo ilivyokuwa, sijaongeza kitu.

Kwa wasioijua hii game: kila mtu ana mhusika wake kwenye karatasi, mnarusha dadu, na mmoja anasimulia yanayotokea na kuamua. Msimulizi ni mimi. Hapa Tarime sitoki nyumbani mpaka chumvi iishe, kwa hiyo wanaosafiri ni wahusika.

Wachezaji wangu ni wawili tu.

Chacha, clearing agent wa mpakani Sirari, ni mtu wa toleo la zamani. Kitabu chake ni cha mtumba, jalada linashikiliwa na selotepu. Humo uhai ukifika sifuri, umekufa.

Madam Neema, mwalimu aliyepangiwa huku kutoka Mbeya, ana toleo jipya kwenye simu. Humo ukifika sifuri unarusha dadu mara tatu kwanza, ndipo ijulikane kama umekufa.

Chacha huliita la Neema "toleo la chekechea". Neema huliita la Chacha "marehemu". Mimi nilikuwa nacheka na wote.

Jumamosi iliyopita mhusika wa Neema, mfugaji aitwaye Rhobi, tajiri wa ng'ombe kuliko wote, akavamiwa na fisi darajani. Sifuri.

"Rhobi amekufa!" Chacha akasimama. "Tugawane ng'ombe!"

"Amekufa wapi? Sijarusha!"

"Mwambie, bosi. Si tulikubaliana kitabu changu?"

"Chako?" Neema akanigeukia. "Mimi uliniambia changu!"

Nikasema naenda kuangalia chai. Jiko lilikuwa halijawashwa.

Kelele zikapanda. Neema akaanza kufunga begi, akasema harudi tena. Hapo nikashtuka. Hao wawili ndio wageni pekee ninaopata. Mmoja akiondoka meza imekwisha, nabaki na redio.

Mara akaingia Mama Bhoke, jirani wa ng'ambo ya michongoma, kanga kiunoni, beseni la unga kichwani, analia. Huku ukisikia kifo kwa jirani unaenda bila kusubiri kuitwa.

"Shikamoo, mama."

Akatua beseni. "Rhobi wa nani? Na nani anagawa ng'ombe maiti haijazikwa?"

Chacha akakaa.

Ikabidi nieleze kwamba Rhobi ni karatasi. Mama akafuta machozi. "Sasa amekufa au hajafa?"

Wote wawili wakaninyooshea kidole. Nikakiri ahadi zote mbili. Kwa mara ya kwanza wakakubaliana jambo: mjinga ni mimi.

Chacha akamsogezea Neema dadu. "Rusha, madam. Kugawa kabla ya kuzika, hata kwetu hakuna."

Akarusha. Mara tatu, zote mbovu. Rhobi akafa kwa toleo jipya. Neema akacheka mwenyewe, begi likarudi sakafuni.

Nilichojifunza: toleo lolote linachezeka. Kinachoua meza ni msimulizi anayemkubalia kila mtu.

Nyie mnacheza lipi, na mliamuaje? Matusi yawe ya wastani.

Mama Bhoke naye alitoa yake akijitwisha beseni, nayaleta kama yalivyo:

"Umeniliza kwa ajili ya karatasi. Siku nyingine mtu akikuuliza amekufa au hajafa, jibu, usikimbilie jikoni! Na unga wangu naondoka nao."