Mchumba Wangu Ameziachia Karata Mbili Zituamulie Ndoa

Hamjambo nyote mnaosoma page hii. Admin, jina langu lifiche vizuri kabisa, maana mama ya huyu mwanaume hupita hapa kila siku kusoma mambo ya watu, na leo mambo ni ya kijana wake.

Mimi ni dada wa miaka thelathini na mmoja. Nafanya kazi ya saluni Lurambi, lakini kwetu ni Malinya. Tumezaliwa wasichana wawili tu, na mimi ndiye mkubwa. Nina mchumba, fundi wa simu mjini Kakamega, na huu ni mwaka wa tano tuko pamoja. Si mlevi, hanipigi, hana mambo na wanawake. Nilipolazwa hospitali, yeye ndiye aliyeniletea uji kila asubuhi kabla hajafungua duka. Nayasema haya mapema ili mtu asikimbilie kuniambia nimwache kabla hajanisikiliza.

Shida yake ni moja: hawezi kuamua. Hata akiulizwa anataka soda baridi au ya kawaida, anakuangalia wewe kwanza. Zamani nilikuwa nacheka. Siku hizi sicheki, maana amempata dada mmoja wa Nairobi anayetabiria watu kwa karata kwenye simu. Si zile karata za kucheza, hizi zina picha za watu, na kila picha inaelezwa maana yake. Tangu hapo mwenzangu hafanyi jambo bila kuuliza.

Mwezi uliopita alikuwa aje nyumbani na wazee wake kujitambulisha. Baba aliita ndugu zake. Senje, yaani shangazi yangu, alifika mapema na leso mpya. Mama akachinja jogoo, na firigisi, ile tunaita imondo, ikawekwa kando, kwa sababu kwetu hiyo hailiwi ovyo, ni ya mwanaume anayeheshimiwa. Ilikuwa inamngoja mzee wa upande wao. Tukakaa mpaka obusuma, ugali wetu, ukapoa. Kisha simu yangu ikaingia ujumbe. Ni picha ya karata mbili. Ya kwanza ina mwanaume amening'inizwa kichwa chini kwa mguu mmoja, na uso wake umetulia kama mtu anayepunga upepo. Ya pili ina mwanamke amekaa, amefungwa kitambaa machoni, ameshika panga mbili ndefu amezipishanisha kifuani. Chini yake mchumba wangu ameandika, "Babe, hizi ndizo zimetoka leo. Zinasema tusimame kwanza. Waambie wazee wanielewe."

Wamwelewe vipi? Senje alinipokonya simu, akaitazama, akauliza, "Na huyu wa kuning'inia aliiba nini?" Watu wakacheka. Baba hakucheka. Alisema tu, "Hiyo imondo rudisheni jikoni. Hapa hakuna mgeni." Niliingia chumbani nikalia kwa aibu mpaka macho yakavimba.

Ingekuwa ni mimi peke yangu ningevumilia. Lakini mdogo wangu ana mtu wake, na huyo mtu amepata kazi Qatar, anaondoka hivi karibuni, na anataka aende akiwa ameshapeleka ng'ombe. Kwetu mdogo haruki mkubwa. Baba ameshasema, "Mimi siwezi pokea ng'ombe ya mdogo na mkubwa bado anasema ako na mtu. Aniambie mwenyewe hana mtu, hapo tutaongea na wazee wampitishe mdogo. Kama ako naye, basi wote wangoje." Kwa hiyo mwanaume wangu ameshindwa kuamua, na anayeumia ni mdogo wangu.

Hasira zilinipanda, nikamtafuta yule dada wa karata mwenyewe. Nikamtumia ile picha, nikamuuliza kwa nini ananiharibia ndoa. Alinijibu kwa ujumbe wa sauti, tena kwa upole: "Mamii, mimi sikumwambia angoje. Nilimwambia huyu wa kwanza amekaa hapo kwa hiari yake, na huyu wa pili kitambaa anaweza kukitoa mwenyewe. Nikamwambia amekaa katikati vya kutosha, achague. Yeye ndiye aliniuliza kama kusimama pia ni jibu."

Nilienda hadi dukani kwake. Alikuwa ameifungua simu ya mteja, bisibisi mkononi. Nikamchezea ile sauti. Akainamisha kichwa, akasema, "Aliniambia mambo mingi, mimi nilishika ile ya kusimama."

Nikamuuliza, "Jumamosi hii unakuja kwetu ama hauji?"

"Nakupenda sana, unajua."

"Sijakuuliza hiyo."

Akaanza kukaza skrubu za ile simu. Kisha akasema, "Wacha nitolewe karata moja tu ya mwisho, halafu nikuambie."

Niliondoka kabla sijamrushia hiyo bisibisi. Nyumbani nikamsimulia mdogo wangu, huku nikimtukana mwanaume aliyejifunga macho. Aliniacha nimalize, akasema, "Dada, mimi sikulazimishi kitu. Lakini mbona kila siku unasemanga mwenye kitambaa ni yeye? Hapo wamechora mwanamke."

Jumapili baada ya kanisa baba anataka neno langu mbele ya ndugu zake. Nikisema sina mtu, mdogo wangu anaolewa, lakini neno ukishalisema mbele ya wazee haliwezi kurudishwa, na nitakuwa nimempoteza mwanaume ninayempenda. Nikisema ninaye, mtu wa mdogo wangu anaondoka zake, na huyu wangu huenda asije kamwe. Nampenda, na nimechoka naye, vyote kwa pamoja. Nishaurini ndugu zangu, Jumapili niseme nini? Ila yule atakayeniambia nisubiri kidogo, asijisumbue kuandika.